Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tulioanza Kwenda Maktaba ya Sheria

Wanachama wenzangu, hamjamboni. Najua wengi taarifa ya mwenyekiti mnaipitia juu juu mkingoja ya pesa. Mweka hazina atasoma yake, michango ya misiba imeenda sawa, hapo sikai sana.

Mwaka huu kamati ya elimu iliona tupunguze kuita maloya waje kutuhutubia halafu kila mtu anarudi na kikaratasi kinapotelea kwa gari, tukaanza kwenda wenyewe, maktaba ya sheria ya Kaunti ya Hennepin hapa Minneapolis na ile ya jimbo letu la Minnesota kule St. Paul. Si lazima uwe loya kuingia. Hizi za kaunti zinaendeshwa kwa ada wanazolipa watu wakifungua kesi, kwa hiyo usiingie kama unaomba msaada. Mkutubi hatakwambia ushtaki ama usishtaki, hiyo si kazi yake, ila atakuonyesha kitabu na mahali pa kuanzia, na kusema kweli kwa wengi wetu hicho ndicho kilikuwa kinakosa. Na mkifungua yale majalada makubwa angalieni nyuma, kuna kijitabu kimechomekwa, mabadiliko mapya yako humo, ukikiacha unaweza kutoka na sheria iliyokufa zamani.

Kubwa tulilojifunza ni tarehe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kazini, lakini kwa hapa Minnesota malalamiko yafike kwa tume ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini (EEOC) ndani ya siku 300, na idara ya haki za binadamu ya jimbo inakupa mwaka 1. Watu wetu wanavumilia, wanamwachia Mungu, wanasema wacha nimalize kandarasi kwanza, halafu siku wanaamua kuongea mlango ushafungwa. Tena ile ya 1964 inashika mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 15, na wengi wenu mko kwa hizi nyumba ndogo za kuhudumia wazee na wagonjwa. Mkiambiwa bosi wenu ni mdogo sana hashtakiki msikubali haraka, iko sheria ya 1866, ya baada tu ya utumwa, inagusa mikataba ya kazi kwa upande wa rangi na haihesabu wafanyakazi, na kwa madai mengi unapata miaka 4. Mimi nilishangaa sheria ya kizee hivyo bado inafanya kazi.

Kilicholeta kelele zaidi ni hati za nyumba. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi unaitwa Mapping Prejudice, ulianza 2016, watu wa kujitolea wanasoma hati za zamani na kuweka kwa ramani zile zenye masharti ya rangi. Hapa Minneapolis masharti hayo yalianza 1910, nyumba isiuzwe wala kukodishwa kwa mtu wa damu ya Kiafrika, Kichina, Kijapani na wengine. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza korti kuyatekeleza 1948, na Sheria ya Makazi ya 1968 ikamalizia, lakini maandishi yenyewe hayakung'olewa, na baadhi yetu leo tunalipia mkopo wa nyumba ambazo kwa karatasi hatukutakiwa hata kulala ndani. Toka 2019 jimbo linaruhusu mwenye nyumba kusajili hati ya kuyakana. Wengine mlisema ni kujisumbua kwa maneno yasiyo na nguvu. Mimi ningesajili, mtoto wangu akifungua faili akute kuna mtu alijibu.

Wenye nyumba, angalieni kwanza ile ramani, ni bure, kisha mpeni katibu jina kabla ya mkutano ujao. Tutaenda maktaba siku ya kazi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema, na wa shifti ya usiku mkija mmelala walau kidogo itakuwa vizuri, huko kuna kusoma.