Daftari la mazishi litangulie jiwe la kaburi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kwa wanaotafuta nasaba za koo zao kwa kuzunguka makaburini wakipiga picha za mawe. Kazi yao ni njema, ila wengi huanzia mwisho. Jiwe huwekwa na mwenye uwezo, pengine miaka mingi baada ya maziko, na aliyelipa ndiye huamua kiandikwe nini. Daftari la mazishi, yaani kitabu cha kanisa au cha makaburi kinachoorodhesha waliozikwa, likitunzwa vyema humtaja hata fukara, na hata mtoto mchanga ambaye hakuwekewa kibao. Tena ziko nchi, kama Ujerumani, ambako kaburi hukodishwa kwa miaka maalumu, na muda ukiisha bila kulipiwa tena jiwe huondolewa na mwingine akazikwa pale pale.

Daftari nalo lisomwe kwa tahadhari. Nchini Uingereza makanisa yaliamriwa kuandika maziko tangu 1538, lakini mara nyingi karani aliridhika na jina na tarehe tu. Sheria ya 1812, iliyoanza kutumika 1813, ndiyo iliyoleta kurasa zilizochapwa zenye nafasi ya jina, makazi, tarehe ya kuzikwa, umri na sahihi ya aliyeongoza ibada. Mzazi na mume hawakutengewa nafasi. Angalia pia kwamba tarehe hiyo ni ya kuzikwa, si ya kufa, na kwamba umri ni wa kusikia: marehemu hakuulizwa, na aliyejibu huenda alikuwa jirani.

Mimi kwanza hutafuta namba ya kaburi. Ukiwa nayo, mwombe mtunza kumbukumbu akuoneshe wote waliozikwa humo na jina la mmiliki wa kaburi, kama liliandikwa. Ukikuta katika kaburi la bibi yako jina la ukoo usioujua, usilipuuze, kwani anaweza kuwa binti aliyeolewa ambaye familia ilikwisha kumsahau. Usome na ukurasa mzima: watoto watatu wa nyumba moja waliozikwa ndani ya wiki mbili huashiria ugonjwa ambao huenda hakuna jiwe linaloutaja.

Kutoonekana kwa jina si ushahidi kwamba mtu hakuwapo. Ripoti ya 2021 iliyoandaliwa kwa ajili ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Kwa wanaohifadhi madaftari haya nina ombi moja: mnapoyaweka kwenye kompyuta, wekeni picha ya ukurasa pamoja na orodha ya majina iliyochapwa. Mchapaji akikosea herufi moja ya mwandiko wa zamani, mjukuu atapita jina la babu yake bila kulitambua.

Msomaji wenu