Kabla ya kumpeleka mwenzetu Uswisi

Mhariri,

Tangu habari za Jocelyne Bloch, daktari wa upasuaji wa ubongo kule Uswisi, zifike kwenye steji yetu ya boda hapa Mbale, hatupumui. Vijana wanachanga pesa. Wanataka mwenzetu, aliyegonga kichwa kwenye lami bila helmeti na mkono wa kulia ukapooza, apelekwe Lausanne akawekewe seli mpya.

Mimi ndiye mwenyekiti na mchango uko kwangu. Nimewaambia tulieni kwanza. Bloch na wenzake walitoa kipande kidogo cha gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, wakaotesha seli zake maabara, kisha wakazirudisha kwenye ubongo ule ule, karibu na palipoumia. Seli ni za mwenyewe, hivyo mwili hauzikatai. Waliotibiwa walirudiwa na wepesi wa kuokota chakula kwa vidole zaidi kuliko wasiotibiwa. Ila walikuwa kima! Hapo kijana aliyetusomea kwenye simu aliparuka, sijui kwa haraka au kwa makusudi.

Sidharau kazi hiyo hata kidogo. Mbale yenyewe si geni kwa mambo ya ubongo. Ni hapa, hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf alikobuni tiba ya watoto wenye maji kichwani: anafungua kinjia ndani ya ubongo maji yapite, anachoma na tishu zinazoyatengeneza, mtoto asiishi kwa kutegemea mrija. Njia hiyo imefika hadi Marekani.

Lakini mwenzetu alipotolewa wodini, hakuna aliyetutajia mazoezi. Akakaa nyumbani, mkono umefungwa kitambaa, mkewe anamlisha. Jirani yao, mama muuguzi mstaafu, ndiye aliyeanza kumkunjua vidole kimoja kimoja: shika kikombe, achia, shika tena. Kikombe cha plastiki, maana vya udongo viliisha. Siku hizi anafunga vifungo vya shati mwenyewe, isipokuwa kile cha shingoni.

Naomba mwandishi wenu atufuatilie jambo moja: mtu akiumia kichwa huku mashariki, mazoezi ya viungo anayapata wapi, na kwa shilingi ngapi? Mchango tumekubaliana uwe wa nauli ya mwenzetu kwenda mazoezini, si Lausanne, na wa kumshukuru yule mama muuguzi. Utakaobaki ni wa helmeti, na asiyevaa hapakii abiria kwenye steji yangu.

Mwenyekiti wa steji,
Mbale, Uganda