Harambee ya kuokoa ushahidi wa waliopotezwa Punjab, tusaidieni kabla mvua haijarudi

Waheguru Ji Ka Khalsa, Waheguru Ji Ki Fateh. Na kwa majirani na marafiki wetu wasio wa gurdwara, hekalu letu sisi Masingasinga, hamjambo nyote.

Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi, manake mwaka haujaisha tangu mtuchangie ile skana na hatujasahau vile mlijitokeza, hata mama mboga wa pale geti alitoa mia mbili yake akasema ataongeza mwisho wa mwezi na kweli akaongeza. Lakini hatuna pengine pa kukimbilia na hili jambo halingoji.

Paa la stoo limeoza. Ile stoo ya nyuma ya jikoni ya langar, chakula cha bure cha gurdwara, ndiyo tumeweka vitu vyote ambavyo familia zetu zilitoka navyo Punjab, jimbo la kaskazini mwa India: barua, kaseti, vyeti, picha, na mafuriko ya Aprili 2024 yalipokuja maji yaliingilia juu na chini kwa pamoja. Tulianika karatasi kwa viti vya ukumbi, zingine zilikauka, zingine zikashikana zikawa donge moja ukivuta unararua. Kuna picha ambayo Biji mmoja, yaani mama mzee, aliibeba mwenyewe kutoka Tarn Taran kule Punjab alipokuja kuishi na binti yake hapa Nairobi, aliifunga kwa karatasi ya nailoni alafu akaifunga tena kwa dupatta, mtandio wake, ni kijana wake amesimama kando ya skuta amefunga kilemba chake vizuri, anajizuia kucheka. Polisi walimtoa nyumbani usiku mwaka wa 1992 na hajarudi mpaka leo. Hakuna picha yake ingine. Saa hii ukiishika, skuta inaonekana, kilemba kinaonekana, uso umeenda na maji. Biji hajatulaumu, aliuliza tu kama tulikuwa na nakala, na wakati huo skana ilikuwa bado haijanunuliwa.

Kwa wasiojua habari hii ngoja nieleze, na wanaojua mtuvumilie. Juni 1984 jeshi la India liliingia Harmandir Sahib, hekalu letu takatifu kuliko yote, kule Amritsar na vifaru. Oktoba 31 mwaka huo huo waziri mkuu Indira Gandhi akauawa na walinzi wake waliokuwa Masingasinga, na kuanzia siku iliyofuata makundi yakapita mitaa ya Delhi na orodha za wapiga kura mkononi kujua nyumba gani ni ya nani, wanaume wakavishwa matairi wakamwagiwa mafuta ya taa wakachomwa. Hesabu ya serikali yenyewe ni watu 2,733 kwa Delhi peke yake. Mbunge mmoja wa zamani, Sajjan Kumar, alikuja kuhukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2018, miaka 34 baadaye, na wajane wengi hawakuifikia hiyo siku.

Punjab yenyewe ndio haikulala mpaka katikati ya miaka ya tisini. Kulikuwa na wapiganaji wa Kisingasinga na wao pia waliua watu wasio na hatia, walishusha abiria kwa mabasi wakawapiga risasi, hilo hatulifichi na hatutakubali mtu alifiche kwa jina letu. Lakini serikali ilichukua hiyo kama ruhusa. Kijana anatolewa shambani au kitandani, familia inazunguka kituo hadi kituo ikiambiwa hatumjui, alafu gazeti linaandika ameuawa kwa mapambano na polisi, au haliandiki chochote kabisa.

Sasa hapo ndio anaingia Jaswant Singh Khalra. Alikuwa mtu wa benki Amritsar. Mwenzake, Piara Singh, alipotea, Khalra akaanza kuulizauliza hadi akafika mahali pa kuchomea maiti pale Durgiana Mandir, akaambiwa huyo alishachomwa zamani. Akauliza, na wengine je? Wakamfungulia rejista. Unajua maiti isiyo na mwenyewe kuni zake zinalipwa na baraza la mji, na pesa ya serikali ikitoka lazima iandikwe, kwa hivyo mle ndani kulikuwa na tarehe, na maiti zilizoletwa na polisi, na kuni zilizonunuliwa. Watu ambao mama zao walikuwa wanalala nje ya vituo vya polisi wakiwatafuta waliandikwa hawana mwenyewe. Khalra na wenzake wakaenda miji ya jirani, wakaenda Patti, wakaenda Tarn Taran, kitabu kikawa kinasema mambo yale yale.

Januari 1995 akaita waandishi wa habari akayasema hadharani. Na mkuu wa polisi wa Punjab wakati huo, K.P.S. Gill, akajibu kwamba hao vijana hawajauawa, wako nchi za nje, wamebadilisha majina na wanafanya kazi huko.

Ndugu zangu, hizo nchi za nje ni sisi. Ni Nairobi, ni Mombasa na Kisumu, ni Southall kule London, ni Vancouver. Kama maelfu ya vijana wetu wangekuja si tungewaona? Singasinga akishuka mji asioujua anaenda gurdwara, anakula, analala, anaulizwa baba yako ni nani na kijiji chenu ni kipi, hata ile ya Makindu imelisha wasafiri tangu 1926 bila kumuuliza mtu dini yake. Hakuna aliyewapokea airport, hakuna aliyewapigia chapati, hakuna binti yetu aliyeolewa na mmoja wao. Hawakufika. Na kama walisema wako kwetu basi sisi ndio tunapaswa kuweka ushahidi kwamba hawakufika, hiyo kazi hakuna mwingine anaweza kutufanyia.

Khalra mwenyewe alichukuliwa na polisi Septemba 6, 1995 akiosha gari nje ya nyumba yake. Mke wake, Bibi Paramjit Kaur, hakukubali kunyamaza, alienda hadi Mahakama ya Juu ya India, na wapelelezi wa serikali kuu walipotumwa kuangalia zile rejista wakakuta maiti 2,097 zimechomwa kinyume cha sheria sehemu hizo tatu tu. Waliojulikana kamili walikuwa 585, waliojulikana nusu 274, na 1,238 hawakujulikana kabisa. Hiyo ni wilaya moja jameni, Punjab ina wilaya nyingi. Polisi sita walipatikana na hatia kwa kesi ya Khalra mwaka wa 2005, na wanne wao 2007 wakaongezewa hadi kifungo cha maisha, na 2011 rufaa yao ikatupwa. Na unajua kesi ilisimama na nini? Kijana mmoja mlinzi, aliyepewa kazi ya kumpelekea Khalra chakula kule alikofichwa, alikubali kusimama mbele ya hakimu akasema aliyoyaona. Mtu mmoja kusema, na maneno yake kuandikwa.

Tume ya Haki za Binadamu ya India nayo ilikaa na ile orodha miaka mingi ikaishia kulipa fidia, familia nyingi zikapewa rupia 175,000, bila kuwaita watoe ushahidi wao na bila kusema nani aliua. Lakini milango haijafungwa yote, mpaka juzi juzi mahakama maalumu kule Mohali, Punjab, imekuwa ikiwahukumu polisi wastaafu kwa mauaji ya 1992 na 1993. Shirika la Ensaaf la Marekani limeandika habari za watu zaidi ya 5,000. Kwa hivyo ukituuliza karatasi za zamani zina kazi gani, kazi yake ndio hiyo. Shida ni wazee wanakufa. Mama aliyekuwa na miaka hamsini wakati ule leo ana zaidi ya themanini, na akienda anaenda na jina la polisi aliyebisha mlango.

Na msiseme haya ni mambo ya Wahindi. Sisi mnaotuita Kalasinga tumezaliwa hapa, babu zetu walitandika hii reli, Makhan Singh alikaa kizuizini miaka kumi na moja kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi hii. Na Mkenya wa leo hahitaji kuelezwa mtu kupotezwa ni nini. Mmeona miili iliyotolewa mto Yala 2022. Mmesikia KNCHR, tume ya haki za binadamu ya Kenya, ikisema watu 82 walitekwa kuanzia Juni 2024 hadi mwisho wa mwaka. Yule mama wa Kenya anayepita mochari moja hadi nyingine na picha ya mwanawe kwa simu, yeye na Biji wetu wakikalishwa meza moja hawatahitaji mkalimani.

Sasa pesa. Tunatafuta shilingi 1,450,000. Paa jipya la mabati, dari na makabati ya chuma ni 380,000. Kugeuza kaseti ziingie kwa kompyuta na kulipa watu wa kutafsiri Kipunjabi ni 350,000, na hapo msione ni nyingi, kaseti zingine zimekaa miaka thelathini zikipigwa vibaya zinakatika. Nauli za wazee walioko vijijini kufika kwa wakili Amritsar, ada ya wakili na hati za kiapo, pamoja na kurekodiwa video, ni 520,000. Zinazobaki, 200,000, ni za kuweka nakala sehemu tatu tofauti ili mvua au mtu mwenye nia mbaya asimalize kila kitu kwa mara moja. Tuko na 240,000 mkononi, kwa hivyo bado 1,210,000. Majina ya wazee hatutayaweka hapa kwa sababu ya usalama wao, lakini vitabu vya hesabu viko wazi, risiti ya kila shilingi itabandikwa ubaoni, na wakaguzi wawili si wa kamati.

Kuna wenye wamesoma ujumbe wetu wa kwanza kwa grupu, tiki za bluu tumeziona, na hawajasema hata pole. Hatutaji mtu. Tunajua pia harusi za Desemba zilivyokuwa, maua pekee ya ukumbi mmoja yangeezeka hii stoo na ikabaki, na Mungu awabariki hao maharusi, tunasema tu kwamba dasvandh, kutoa sehemu ya kumi ya mapato, tulifundishwa wote tukiwa watoto na Guru hakusema iishie kwa wale wasio na kitu. Kutoa ni moyo, si utajiri, hata mia moja tunapokea na tunaandika jina lako ukitaka, na usipotaka tunaandika mwana seva, yaani mtumishi wa kujitolea.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi baada ya langar, ardas, yaani sala, itasomwa kwa waliopotezwa wote, wa Punjab na wa hapa. Namba ya M-Pesa iko kwa bango la mlangoni na kwa mweka hazina. Wale mko Uingereza na Canada, mna mjomba au shangazi hapa, mpitishie yeye. Fundi wa mabati amekubali kuanza tukimpa nusu, na mvua za masika ziko karibu. Na kama nyumbani kwako kuna barua au picha ya mtu ambaye hakurudi, tafadhali ilete hiyo siku, tutaiskani ukiwa umesimama hapo na utarudi nayo mkononi.