Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mahindi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Ghala

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Ugani, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakukaribisha kijijini kwetu kwa heshima na taadhima. Ghala utakalolifungua leo tumelijenga kwa matofali tuliyofyatua na kuyachoma wenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaanza na shukrani. Mwaka 2022, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku kwenye Nane Nane jijini Mbeya. Mfuko wa Urea wa kilo 50, ambao bila ruzuku ulikuwa umepita shilingi 120,000, tuliupata kwa 70,000. Kabla ya hapo wengi wetu tulipanda bila mbolea, mahindi yakaanza kuwa njano yakiwa usawa wa goti.

Lakini ile tofauti ya zaidi ya shilingi 50,000 kwa kila mfuko haikuyeyuka. Imelipwa na Serikali, kwa fedha za wananchi. Mifuko 100 tu ni zaidi ya shilingi milioni 5. Kwa hiyo ombi letu leo ni moja: kila msimu, majina ya waliopata ruzuku, ekari walizoandikisha na mifuko waliyochukua yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kisha yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Namba za simu zisiwekwe, hizo ni za mtu binafsi.

Haya tunayasema kwa uchungu. Wakubwa waliopo hapa wanaukumbuka mfumo wa vocha za pembejeo za ruzuku ulioanza mwaka 2008. Kamati ya kijiji ilikuwa na wanawake watatu na wanaume watatu, na majina yalipitishwa mkutanoni. Hata hivyo wapo humu waliotia dole gumba kwenye vocha, wakapewa hela ya chumvi, na mfuko wakauona ukipita kwenye pikipiki.

Sasa vocha hakuna, tunasajiliwa na kupewa namba. Msimu uliopita mwanachama wetu mmoja, mama mjane, alikwenda kwa wakala wa mbolea akiwa ameiandika namba yake kwa kalamu kiganjani ili asiisahau. Akaambiwa mifuko yake imeshachukuliwa. Alirudi jioni, kiganja bado amekikunja. Tulipofuatilia, tukajibiwa kwamba taarifa zipo kwenye mfumo. Mheshimiwa, mfumo huo sisi hatuuoni. Yule mama alipanda ekari zake mbili bila mbolea, na alichovuna hakikufika Krismasi.

Wapo wanaohofia kwamba kubandika majina kutaleta maneno kijijini. Maneno yapo tayari, tena mabaya zaidi, kwa sababu kila mtu anabuni lake. Kompyuta haiwezi kujua kwamba shamba lililoandikwa ekari 40 ni ekari 4. Sisi tunajua, maana tumelipalilia kwa kibarua na tunaujua hadi mkaratusi wa mpakani. Orodha ikibandikwa Jumatatu, Jumatano kosa litakuwa limeshaonekana, na mawakala waaminifu nao watapona na lawama zisizo zao.

Tena hatuombi upendeleo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Tunaomba tu, Mheshimiwa, utoe maelekezo kwa watendaji wa vijiji, orodha za msimu huu zibandikwe kabla mvua za kupandia hazijaanza.

Sisi tumeshaanza kwa upande wetu. Ukikata utepe na kuingia, mkono wa kushoto utaona ubao mweusi. Kila mwanachama yupo pale kwa chaki: jina, ekari, mifuko. Jina la Mwenyekiti wetu ni la kwanza. La yule mama lipo pia, na mbele yake tumeandika sifuri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi.