Maneno 94 kwa Shilingi Elfu Themanini

Wiki mbili zilizopita mteja wetu mmoja alituhesabia maneno. Sisi huwaandikia wavumbuzi maombi ya hataza (patenti). Alichukua dai la kwanza la ombi tulilomwandikia, yaani sentensi inayosema ni kitu gani hasa wengine hawaruhusiwi kuiga, akaketi na kalamu, akapata maneno 94. Kisha akagawanya malipo yetu ya shilingi 80,000 kwa 94 na kututumia jibu kwenye WhatsApp: kila neno shilingi 851. "Dada, hata 'na' mmenichaji 851?"

Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza, maana hakuwa anatania. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepokea barua ya mkaguzi wa hataza yenye kurasa nne. Dai la 1 halieleweki. Dai la 3 halitegemezwi na maelezo. Dai la 5 linarudia yaliyo katika la 2. Nasi tulikuwa tumemwambia kwamba kuijibu barua hiyo ni kazi nyingine yenye malipo yake. Kwa upande wake hesabu ilikuwa nyepesi: nimelipa, kazi imerudishwa, sasa naambiwa nilipe tena. Kwenye kundi la wavumbuzi wenzake akaandika kwamba tumemla.

Malalamiko haya tumeyazoea. Kila baada ya miezi michache anakuja mtu mwingine na barua ile ile, hasira ile ile. Kwa hivyo wacha tuyajibu hapa mara moja, na kwa kazi tunayoijua zaidi: uvumbuzi wa mawasiliano pasi waya, yaani vihisi, antena, modemu, mita za maji zinazojisoma zenyewe, na vifaa vingine vinavyoongea na busta, yaani mnara wa simu, kule juu.

Kwanza barua yenyewe. Ombi likishawasilishwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayotoa hataza, pale Kabarsiran Avenue, Lavington, Nairobi, hukaguliwa fomu zake, baadaye hutangazwa. Mwenye ombi ana miaka 3 tangu tarehe ya kuwasilisha kuomba ukaguzi wa kina. Asipoomba, linahesabiwa kuwa ameliachilia. Akiomba, mkaguzi huketi na madai na kuuliza maswali ya kisheria: kitu hiki ni kipya? Kina hatua ya uvumbuzi, au fundi yeyote mzuri angekifikia? Kinaweza kutumika viwandani? Na madai yenyewe, je, yako wazi, ni mafupi, yanategemezwa na maelezo yaliyoambatishwa? Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inataka hayo yote. Mkaguzi anayeandika kurasa nne anafanya kazi yake. Ombi linalopita bila swali hata moja huniacha na wasiwasi wangu mwenyewe: labda tulidai kidogo mno, tukamwachia jirani shamba zima.

Sasa nikiri jambo. Katika barua ya bwana wa maneno 94, hoja moja ilikuwa kosa letu. Tulikuwa tumetaja ishara mbili, moja ya kuamsha kifaa na nyingine ya kuleta taarifa, kisha mistari mitatu chini tukaandika "ishara hiyo". Ipi? Mkaguzi aliuliza, na alikuwa na haki. Hoja hiyo tuliirekebisha bila malipo na tumemwomba radhi. Zile nyingine hazikuwa zetu, nitazifikia.

Wateja wengi hawaamini kwamba kaneno kadogo kama hako kanaweza kuangusha dai, basi huwa nawaandikia sentensi moja kwenye karatasi: "Kifaa kinatuma ishara kwa kituo na kupima nguvu yake." Nguvu ya nani? "Yake" inakubali kifaa, inakubali ishara, inakubali kituo. Ukiendelea na "kinapokosa jibu, kinabadilisha masafa", mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu kifaa na kituo vyote viko ngeli ya KI-VI. Nani kakosa jibu, nani anabadilisha masafa (frikwensi)? Mwalimu wangu wa shule ya msingi angeipa sentensi hiyo tiki kubwa kwa upatanisho wa kisarufi. Mshindani wako naye angeifurahia zaidi ya mwalimu, maana angeisoma upande unaomfaa yeye.

Maneno ya kiasi ndiyo yanayotula muda mwingi. Nguvu ndogo. Umbali mrefu. Ishara dhaifu. Wakati halisi. Mvumbuzi akiyasema anaona kifaa chake machoni. Mkaguzi haoni chochote. Ofisi ya Hataza ya Ulaya imeandika wazi katika miongozo yake kwamba maneno kama "nyembamba", "pana" au "yenye nguvu" hayana uwazi ndani ya dai, isipokuwa pale ambapo neno lina maana iliyokwisha kukubalika katika fani, kama "masafa ya juu" kwenye amplifaya, yaani kikuza ishara. Hapa kwetu maswali ni hayo hayo.

Chukua dai linalosema "kifaa kinahamia masafa mengine ishara inapodhoofika". Inapodhoofika kufikia wapi? Kati ya −90 dBm na −100 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara) kuna tofauti ya nguvu mara kumi. Imepimwa kwenye antena au baada ya kupita kwenye saketi? Mara moja, au kwa wastani wa vipimo kadhaa? Na kwa muda gani? Kifaa kilichofungwa ukutani kando ya Waiyaki Way kitadhoofika kila matatu ya abiria 33 inapopita mbele yake, kisha kipone matatu ikisonga. Kama dai halisemi ni lazima udhaifu udumu, basi umedai kifaa kinachorukaruka masafa siku nzima kama kuku aliyetupiwa jiwe, na huenda kifaa cha namna hiyo kilikuwepo tangu zamani. Uvumbuzi wako ulikuwa kwenye ule muda wa kusubiri, nao hukuutaja.

Hapa ndipo 80,000 inapokwenda. Tunakaa na mteja saa mbili, tatu, tukimuuliza maswali yanayomchosha. Tunatafuta yaliyotangulia kwenye hazina za hataza za nje na kwenye nyaraka za viwango vya simu. Tunaandika maelezo ya kurasa 20 au 30 yenye michoro na namba, kisha ndipo tunaandika yale maneno 94, tukiyafuta na kuyaandika upya mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema hadharani. Ada za serikali kwa Mkenya ni ndogo, na hazina uhusiano na zetu. Anayetaka kujiwasilishia mwenyewe sheria inamruhusu. Simzuii. Ila nisimulie ya kijana mmoja.

Ana duka dogo la vifaa Luthuli Avenue, fundi mzuri ajabu. Alitengeneza kihisi cha kupima maji kwenye matangi ya juu ya paa, kinachotuma taarifa kwa redio ya masafa ya 433 MHz hadi kwa mlinzi wa jengo. Alitujia mara ya kwanza, akasikia bei, akasema atafikiria. Rafiki yake akamshauri njia iliyo maarufu sana mjini: "Weka tarehe kwanza, utarekebisha baadaye."

Akaenda mtandaoni, akapata hataza ya kampuni kubwa ya nje kuhusu simu za LTE (4G), akanakili kurasa kumi za maelezo yake. Juu ya hizo akaongeza dai moja la kwake: "Kifaa kinachotumia nguvu ndogo kutuma taarifa umbali mrefu kwa wakati halisi." Akawasilisha, akapata namba ya ombi, akaiweka kwenye fremu dukani. Alianza kuuza wiki hiyo hiyo.

Karibu miaka mitatu baadaye akaomba ukaguzi, na barua ikaja. Dai haliko wazi, na maelezo yanazungumzia mnara wa simu na vifaa vyake wakati kifaa chake hakina hata laini ya simu. Akarudi kwetu na fremu yake. Tukamuuliza kifaa kinafanya nini hasa, naye akatoa daftari: kinalala, kinaamka kila dakika 15, kinatuma kwa milisekunde 20 tu kwa nguvu ya miliwati 10, na kiwango cha maji kikishuka ghafla kinaacha ratiba na kutuma papo hapo. Kila kitu kilikuwa humo, hata tarehe alizopima. Daftari lilikuwa Luthuli na doa lake la chai, ombi lilikuwa Lavington, na kati ya viwili hivyo hapakuwa na neno moja linalofanana.

Alitaka tuziingize namba hizo kwenye ombi. Haiwezekani. Marekebisho hayawezi kuvuka yale uliyoyafichua siku ya kuwasilisha. Hapa ni hivyo, Ulaya ni hivyo, Marekani ni hivyo. Basi tupeleke ombi jipya? Sheria yetu humvumilia mvumbuzi aliyejifichulia mwenyewe kwa miezi 12 kabla ya kuwasilisha, naye alikuwa ameuza kifaa hicho mwaka wa tatu sasa, na kila aliyenunua angeweza kukifungua na kukichunguza. Ulaya hata huo uvumilivu wa miezi 12 hawana. Tulichookoa ni nyongeza moja aliyokuwa ameibuni karibuni na hajamwonyesha mtu, namna ya vihisi viwili kwenye paa moja kupeana zamu ya kusikiliza. Ombi hilo tuliliandika vizuri. Lakini kifaa chenyewe, kile ambacho majirani zake wa Luthuli sasa wanakitengeneza na kukiuza kwa bei ya chini kuliko yake, kimekwenda. Alikuwa amejiokolea shilingi 80,000.

Tarehe uliyoipata mapema ina thamani kwa yale tu yaliyoandikwa chini yake. Inakupa miezi 12 ya kudai kipaumbele nchi nyingine, yaani kuhesabiwa huko kwa tarehe hiyo hiyo ya kwanza, au miezi 30 ukipitia njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa hataza, kabla ya kuingia Kenya na nchi nyingi nyingine, lakini kipaumbele cha nini, kama ndani hamna kitu?

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaotaka kudai dunia nzima. "Andika tu mita yoyote inayotuma taarifa pasi waya." Hawa huwa nawasimulia kuhusu Samuel Morse. Mwaka wa 1854 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia telegrafu yake, lakini ikakataa dai lake la nane, ambalo alidai matumizi ya nguvu ya umeme-sumaku kuandika herufi kutoka mbali kwa njia yoyote ile itakayobuniwa. Alidai matokeo, akaacha njia. Kama Morse alikataliwa, mita yako ya mtaa wa Umoja haitapona.

Dai la 3 la bwana wa maneno 94 lilikuwa la aina hiyo, na alitulazimisha kuliweka. Tulimshauri kwa maandishi. Ujumbe tunao.

Kosa moja zaidi nalitaja kwa sababu ni la fani yetu kabisa na hata mawakili wazuri wa nyanja nyingine hulifanya. Mawasiliano yana ncha mbili. Mama mmoja alituletea dai alilokuwa ameandikiwa kwingine kuhusu malango ya mitaa: kifaa getini kinatuma, mnara unapitisha, seva inakokotoa, simu ya mwenye nyumba inaonyesha. Lilisomeka vizuri, halikuwa na utata hata kidogo. Nikamuuliza, mama, mshindani wako akikuiga, utamshtaki nani? Kifaa ni chake, mnara ni wa kampuni ya simu, seva amekodi ng'ambo, simu ni ya mpangaji. Hakuna hata mmoja wao anayefanya yote manne. Tuliligawa dai likakifuata kifaa cha getini peke yake: kinapokea nini, kinaamua nini, kinatuma nini. Vingine vikatajwa tu kama vitu ambavyo kifaa kinaongea navyo. Sasa anayetengeneza kifaa hicho tu yuko ndani ya dai. Aliuliza kama kugawa huko kunamaanisha alipe mara mbili. Hapana, mama.

Na kabla sijasahau: cheti cha Mamlaka ya Mawasiliano cha kuidhinisha kifaa chako hakihusiani na hataza. Kinasema kifaa kinaruhusiwa kutumika hewani. Hakimzuii mtu kukuiga. Kila mwezi lazima nimweleze mtu hili.

Ukija kwetu, tuletee daftari, hata likiwa na grisi. Tuletee vipimo vilivyoshindwa pia. Mara nyingi uvumbuzi umejificha hapo, kwenye ile siku uliyobadilisha kitu kimoja na kifaa kikaanza kufanya kazi. Usituletee slaidi za wawekezaji. Na kama umeshauza, umeonyesha kwenye maonyesho, au umeweka video mtandaoni, tuambie tarehe ya kweli, hata kama inauma.

Bei zetu: kuandika ombi na kujibu barua ya mkaguzi ni malipo mawili, na kuanzia mwezi huu yote mawili yataandikwa kwenye karatasi ya kwanza kabisa unayotia sahihi. Hapo tulikuwa na kosa. Tulikuwa tunayasema kwa mdomo. Yule bwana alikuja juzi tukakaa na barua yake hadi saa kumi na mbili jioni. Dai la 3 tumelifuta, la 5 tumeliunganisha na la 2, na la 1 limeongezewa muda wa kusubiri pamoja na mahali pa kupimia, vyote vikitoka ukurasa wa 14 wa maelezo tuliyomwandikia. Amehesabu tena. Sasa ni maneno 121.