Ulizeni mimba kabla ya kumdunga ng'ombe

Mhariri,

Mwezi uliopita ng'ombe wangu mwenye mimba ya miezi saba alidungwa sindano ya kumtuliza ili akatwe kwato. Baada ya dakika chache alikuwa amelala, mate yakimchuruzika. Usiku wa pili alitupa ndama ambaye manyoya yalikuwa hayajamwenea mwilini. Siwezi kuapa kwamba sindano ndiyo iliyomponza, kwa kuwa ng'ombe hutupa kwa sababu nyingi, ugonjwa wa brusela ukiwemo. Kilichonikera ni jibu nililopewa: kwamba dawa hiyo hulegeza misuli, basi itaubanaje mji wa mimba?

Jibu hilo lina sura ya ukweli, na hapo ndipo linapodanganya. Zailazini, dawa inayotumiwa sana kutuliza ng'ombe, hulegeza misuli ya miguu na shingo kwa kupitia ubongo na uti wa mgongo. Mji wa mimba una misuli ya namna nyingine, na kwa ng'ombe dawa hiyo hiyo huukaza na kuufanya ujikunje, karibu kama ifanyavyo oksitosini, homoni inayoleta uchungu wa kuzaa, huku ikipunguza damu na oksijeni inayomfikia ndama tumboni. Ndiyo maana madaktari huonywa wasiitumie katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Tena ng'ombe ni mwepesi sana kwa dawa hii: humtosha takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi, kwa hivyo anayekadiria kwa macho anacheza na hatari.

Ipo dawa nyingine, klenbuteroli, ambayo kweli huulegeza mji wa mimba, na huko Ulaya madaktari huitumia kuahirisha uzazi au kupata nafasi ya kumgeuza ndama aliyekaa vibaya. Zote mbili zikiitwa tu "dawa ya kulegeza", mfugaji atajuaje tofauti?

Nawaomba wanaotuhudumia waulize tarehe ya kupandishwa kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba, na mimba ikiwa kubwa, kazi ya kwato ifanywe kwa kamba na ganzi ya mguu, au isubiri ng'ombe azae. Nami nina lawama yangu, maana sikusema neno. Lakini kadi ya kupandishwa ilikuwa inaning'inia msumarini mlangoni mwa zizi, na tarehe ilisomeka vizuri.

Mfugaji,
Njoro, Nakuru