Tuachieni vicheza muziki vidogo, mtuondolee kadi bandia

Mhariri,

Kuna mjadala unaoendelea katika kwaya kadhaa za huku magharibi mwa Kenya, na sasa umefika hata kwetu Webuye: kwamba tuachane na vile vicheza muziki vidogo vya kubana kwenye nguo, nyimbo zote za mazoezi zitumwe kwa WhatsApp, na asiye na simu ya kisasa ajitafutie. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Napinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote, na naomba nafasi gazetini nieleze sababu zangu, kisha nitaje kile ninachoona ndicho adui halisi wa vifaa hivi.

Wanaotaka tuviache huanza na habari ya iPod. Ni kweli kwamba kampuni ya Apple, iliyokileta kicheza muziki hicho mwaka wa 2001, ilitangaza Mei 2022 kuwa haitakitengeneza tena. Lakini kilichofika mwisho ni bidhaa ya kampuni moja. Vicheza muziki vya MP3 vya kwanza kuuzwa vilitoka Korea Kusini mwaka wa 1998, kabla iPod haijazaliwa, na vya bei nafuu vingali vinauzwa hadi leo kwenye meza za vijana wa vifaa vya simu karibu na steji, kando ya chaja na kava. Changu nilikinunua kwa chini ya shilingi mia tano. Hakina kioo. Kina vitufe vichache, tundu la kadi ya memori, tundu la vipokea sauti vya masikioni na kibanio mgongoni. Hakipigi simu, hakipokei ujumbe, hakiombi bando. Kinacheza nyimbo tu, na kwetu hicho ndicho kinachotakiwa.

Wasomaji wanafaa kujua waimbaji wangu ni akina nani. Tunaimba kwa sauti nne, mbili za wanawake na mbili za wanaume. Katika sauti ya tatu nina mlinzi wa usiku. Katika sauti ya pili nina kukhu (bibi kizee) mmoja wa upande wa Misikhu, mkulima, mwenye kabambe ya kupiga na kupokea simu basi. Sauti ya kwanza ina wasichana wanaofanya kazi za nyumbani, na mmoja wao haruhusiwi kushika simu akiwa kazini. Sauti ya nne ni wakata miwa na waendeshaji boda boda. Hawa ndio wanaoambiwa wajitafutie. Hata yule mwenye simu ya kisasa, mara nyingi simu hiyo ni ya nyumba nzima: mume anaitaka, mtoto anaitaka kwa kazi ya shule, bando limeisha tangu juzi, na stima ikipotea jioni betri inahifadhiwa kwa mambo ya dharura. Mazoezi ya sauti ya pili hayawezi kushinda dharura.

Kwaya yetu huimba kwa solfa, yaani noti za do, re, mi, lakini wanaoisoma vizuri ni wachache. Wengine hujifunza kwa sikio, na sikio linataka kurudiwa. Kwa hivyo kila wimbo mpya naurekodi kwa vipande. Sauti za wanawake naziimba mwenyewe, za wanaume huniimbia ndugu wawili wenye masikio ya kuaminika, halafu mwishoni tunarekodi zote nne pamoja. Kabla ya kila sauti napiga kinanda, do, mi, so, do, ili msikilizaji ajue amesimama wapi. Simu yangu hurekodi faili za m4a, ambazo vicheza muziki vingi vya bei nafuu havizisomi, hivyo nazigeuza kuwa MP3 kwenye kompyuta ya parokia. Sauti ya mtu mmoja haihitaji ubora mkubwa. Kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha, na wimbo wa dakika nne hauchukui hata MB 2.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawawaambii wateja. Vicheza muziki vingi visivyo na kioo havifuati majina ya faili wala namba ulizoziandika mbele. Hufuata jinsi faili zilivyoingia kwenye kadi, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kuchezwa. Ukinakili folda nzima kwa mpigo mmoja, wimbo wa shukrani unaweza kutangulia wa mwanzo. Mimi hunakili moja moja kwa utaratibu wa misa: mwanzo, utukufu, matoleo, komunyo, shukrani, na kila wimbo sauti zake kwa zamu. Inachukua muda. Lakini mlinzi wangu akiwa getini gizani, sikio moja limevaa kipokea sauti na jingine liko wazi kwa kazi aliyoajiriwa, anajua kwamba akikiwasha upya na kubonyeza kitufe cha mbele mara mbili amefika kwenye sehemu yake. Hahitaji kuona chochote. Mwanga wa simu usiku ungemwonyesha kwa kila apitaye, na ungemnyima yeye kuona apitaye.

Cha kukhu ni cha aina nyingine, kina kioo kidogo na uwezo wa kurudia kipande. Unabonyeza mwanzo wa pale panapokusumbua, unabonyeza tena mwisho wake, na kifaa kinarudia hapo hapo bila kuchoka mpaka ukiachishe. Mwaka jana tulikuwa na wimbo wa matoleo ambao sauti ya pili inashuka kutoka so hadi fi, noti iliyo kati ya fa na so, kisha inarudi so. Ile nusu hatua ni mtihani. Kina mama wote walikuwa wanateleza hadi fa, nami nimewapigia kinanda mpaka vidole vimechoka. Kukhu akaenda nacho shambani, akakibana kwenye kitenge, akapalilia maharagwe huku kipande hicho cha sekunde chache kikimzunguka sikioni asubuhi nzima. Aliporudi mazoezini aliiimba ile fi safi kama maji ya chemchemi, na wenzake wakasogea karibu naye ili wamfuate. Tangu siku hiyo nikiweka wimbo mgumu, sauti ya pili humpanga yeye katikati.

Sasa niambieni, ni ujumbe gani wa WhatsApp ungefanya hivyo kwa mama asiye na simu ya kuupokea?

Nisieleweke vibaya kuhusu jambo moja. Sizungumzii ile tabia ya kupeleka kadi saiba ijazwe mamia ya nyimbo za wasanii kwa bei ya soda. Nyimbo hizo zina wenyewe, wengi wao ni watu wa huku huku kwetu wanaotegemea jasho hilo, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawalinda. Nazungumzia rekodi zetu wenyewe. Na kuhusu masikio, huwaambia waimbaji kwamba mtu aliyeketi kando yako akisikia unachosikiliza, punguza. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha salama kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipandisha sauti zaidi ya hapo saa hizo hupungua kwa kasi.

Narudi kwenye adui niliyemtaja. Ni kadi za memori za uongo.

Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 64 kwenye duka moja mjini Bungoma, ikiwa ndani ya pakiti yake, imefungwa vizuri, na jina la kampuni kubwa juu yake. Niliiweka kwenye kifaa cha kurekodia na kuitumia kukusanya rekodi za kwaya. Kwa muda mrefu haikuonyesha tatizo lolote. Halafu nyimbo mpya zikaanza kunyamaza katikati, zikafuatwa na nyingine ambazo jina la faili lipo lakini ukibonyeza hakitoki kitu, kifaa kinaruka kwenda inayofuata. Miongoni mwa zilizopotea kulikuwa na sauti ya nne ya wimbo ambao hauna solfa popote. Anayeujua ni mzee mmoja wa Lugulu aliyefundishwa akiwa kijana, na alikuwa amekuja kutuimbia akiwa na kikohozi. Ilibidi nimwendee tena nimwombe arudie. Alirudia, Mungu ambariki, lakini alipumzika baada ya kila mstari, na mimi nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumwonyesha.

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta alinifungulia macho. Kadi hizo zina kumbukumbu ndogo, pengine GB 4 au 8, lakini kile kipande cha ndani kinachozungumza na kompyuta kimechezewa ili kitangaze GB 64. Kompyuta inaamini inachoambiwa. Unanakili, inakubali, jina la faili linaonekana, ukubwa unaonekana. Nafasi halisi ikijaa, kadi inaendelea kusema ndiyo huku faili mpya zikiandikwa juu ya za zamani au zikipotea kabisa. Ndiyo maana mnunuzi hajui kwa muda mrefu kwamba ameibiwa, na akija kujua risiti haipo, au ipo na chini yake pameandikwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Hivyo ndivyo nilivyojibiwa.

Jibu hilo halikubaliki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tuna Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, na tuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi iliyoundwa kwa sheria ya 2008. Naomba taasisi hizi mbili zipite kwenye maduka na meza za Bungoma, Webuye, Kakamega na Kisumu, zinunue kadi kama mteja yeyote, zizipime, na zitangaze zilichokipata. Kadi ya uongo si jambo dogo kwa kuwa tu bei yake ni ndogo. Ndani yake mtu ameweka sauti ya mzee wake, picha za mazishi, hesabu za chama.

Kupima si kazi ngumu. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, ambazo huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kulinganisha. Kama kadi ni ya uongo, zinakuambia ukweli na ukubwa wake halisi. Wauzaji huniambia hawana muda, na kwa kadi kubwa wana hoja: kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuijaza GB 64 kunachukua karibu saa moja na dakika arobaini na tano, na bado hujaisoma. Kadi ya GB 8 kwa kasi hiyo hiyo inajaa kwa chini ya robo saa. Mteja anaweza kusubiri hapo dukani, akaondoka na uhakika.

Na GB 8 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 unachukua takriban MB 4, kwa hiyo kadi hiyo inabeba nyimbo kama 2,000. Misa ya kwaya yangu ya mwaka mzima, kila wimbo na sauti zake zote, haifiki hata robo yake. Zaidi ya hayo, vicheza muziki vingi vidogo vinaishia GB 32, kwa sababu kadi za GB 64 hupangwa kwa mfumo wa exFAT ambao havijui kuusoma. Mteja anauziwa ukubwa ambao kifaa chake hakiuhitaji, na kwa sababu kadi ndogo ya kweli imekuwa adimu madukani, anaishia na kubwa ya uongo. Waagizaji watuletee GB 4 na GB 8 za kweli. Soko lipo. Makanisa peke yake ni soko.

Wenzangu walimu wa kwaya, kabla hamjaamua kuhamia WhatsApp, ketini na waimbaji wenu mmoja mmoja muwaulize wanasikiliza kwa kifaa gani na wakati gani. Wenye simu watumieni, hakuna ubaya, hata mimi huwatumia. Lakini yule asiye nayo apewe kifaa chake, kilichojazwa kwa mpangilio, na kadi iliyopimwa.

Kwa upande wangu, natafuta muuzaji. Nahitaji kadi za GB 8 za kuwatosha waimbaji wasio na simu za kisasa, na najua kwaya nyingine za dekania yetu zinazohitaji pia. Mwenye duka yeyote Webuye, Bungoma au Kakamega atakayekubali kadi zake zipimwe mbele yangu kabla sijalipa, aweke tangazo mlangoni kwake kwamba anapima. Nitakuja na kompyuta yangu mwenyewe, na pesa taslimu.

Mwalimu wa kwaya,
Webuye, Kaunti ya Bungoma